Kabla Hujavilaumu Vidole: Kulifanya Gitaa la Kuanzia Lipigike na Kusikika Vizuri

Gitaa langu la kwanza lilikuwa na uzi wa sita uliokaa milimita 4 na nusu juu ya freti ya 12. Wakati huo sikujua kwamba umbali huo hupimwa. Nilichojua ni kwamba kila nikijaribu kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), kidole cha shahada kilichorwa mifereji miwili mirefu, nyuzi mbili zikatoa mlio mkavu kama wa kugonga ubao, na kodi ya C ikasikika chungu hata baada ya kodi ya E kusikika tamu. Niliambiwa nivumilie, vidole vitaota sugu. Sugu ziliota, F haikutoka. Miezi kadhaa baadaye fundi alilichukua lile gitaa, akafumba jicho moja na kuichungulia shingo kwa urefu wake kama seremala anavyochungulia mbao, akalishughulikia kwa muda wa saa moja na nusu, akanirudishia. F ilitoka siku hiyohiyo.

Tangu hapo nimeyashika magitaa mengi ya watu wanaoanza, na mengi yao si mabaya. Hayajamaliziwa tu. Kiwandani nyuzi huachwa juu kwa makusudi, kwa kuwa gitaa ambalo nyuzi zake ziko juu halikwaruzi, na mnunuzi anayelijaribu dukani hatasikia kasoro. Kuliteremsha hadi mahali linapopigika bila maumivu ni kazi ya mkono, ya gitaa moja moja, na gitaa la bei nafuu halipewi saa hiyo. Basi saa hiyo inabaki kuwa yako au ya fundi wako.

Kwanza tukubaliane majina. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba wa chini, wa sita ni ule mnene wa juu. Freti ni vile vijiti vya chuma vilivyolala kwa upana wa shingo, na huhesabiwa kuanzia kichwani. Daraja ni kile kipande cha mbao kilichogundishwa kwenye uso wa gitaa, ambako nyuzi zinaishia. Kisha kuna vipande viwili vyembamba, mara nyingi vyeupe, vinavyozibeba nyuzi: kimoja pale kichwa kinapokutana na shingo, kingine kwenye daraja. Nitaviita mfupa wa juu na mfupa wa chini, hata kama kwenye gitaa lako ni plastiki, maana tangu zamani vilichongwa kwa mfupa na vile vizuri huchongwa kwa mfupa hadi leo.

Umbali mmoja, mahali patatu

Karibu malalamiko yote ya anayeanza yanatoka kwenye kitu kimoja: umbali kati ya uzi na freti. Uzi ukiwa juu, unatumia nguvu nyingi kuushusha, na hapo ndipo kidole kinapouma. Lakini kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni. Ukiusukuma uzi mbali, unauvuta, na uzi ukivutwa sauti yake inapanda. Kwa hiyo gitaa lenye nyuzi za juu linaumiza vidole na papo hapo linatoka nje ya tyuni, yaani sauti zake hazipatani tena, kila unapobonyeza, hata kama nyuzi zikiwa wazi zimepatana vizuri. Mtu anadhani ana matatizo mawili, la mkono na la sikio, kumbe ni lile lile moja.

Chukua rula yenye milimita, isimamishe juu ya freti ya 12, upime kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, uzi wa sita ukiwa kwenye milimita 2 hadi 2.5, na wa kwanza kwenye 1.5 hadi 2, gitaa hilo linapigika. Kwa gitaa la nyuzi za nailoni, ambazo hutetema kwa upana zaidi, 3.5 hadi 4 kwa uzi wa sita na 3 hivi kwa wa kwanza ni sawa. Ukikuta 3.5 kwenye gitaa la nyuzi za chuma, sasa unajua kwa nini ulikuwa unaumia.

Umbali huo unaamuliwa na vitu vitatu kwa pamoja: mpindo wa shingo, urefu wa mfupa wa juu, na urefu wa mfupa wa chini. Hapo ndipo watu wanapokwama, kwa sababu kugusa kimoja kunabadilisha kipimo cha vingine. Anayeanza kwa kukwangua mfupa wa chini wakati shingo ndiyo iliyopinda atakuja kuinyoosha shingo baadaye, akute nyuzi zimelala juu ya freti na mfupa haurudi tena. Mpangilio ninaoufuata ni nyuzi mpya, kisha shingo, kisha mfupa wa juu, na mfupa wa chini mwisho.

Nyuzi kwanza

Nyuzi zinatangulia kwa sababu mbili. Ndizo zinazobadilisha sauti kwa haraka kuliko kitu kingine chochote utakachofanya, na ndizo zinazoivuta shingo, kwa hiyo hakuna kipimo kitakachokuwa cha kweli kabla hujaweka zile utakazotumia.

Nyuzi za chuma huuzwa kwa unene wa uzi wa kwanza, ukihesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi. Ukisikia wapiga gitaa wakisema "kumi na mbili", wanamaanisha seti ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.012, karibu milimita 0.3. Mvutano wa uzi hufuata mraba wa unene wake, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye pakiti ni kubwa kidoleni. Kwenye gitaa la urefu wa kawaida, uzi wa kwanza wa 12 unavutwa kwa nguvu ya kilo 10 na nusu hivi. Wa 10 ni kilo 7 na kidogo. Umepunguziwa karibu theluthi moja ya mzigo kwa kubadilisha pakiti tu. Kwa anayeanza ningeweka 11, au 10 kama vidole vinauma kweli. Utapoteza kiasi cha ujazo wa sauti, na uzi mwembamba ukipigwa kwa nguvu unayumba na kugusa freti. Bado nadhani ni biashara nzuri, maana anayepiga kila siku kwa nyuzi nyepesi atafika mbali kuliko anayepiga mara moja kwa wiki kwa nyuzi nzito.

Onyo moja lisilo na mjadala: gitaa lililotengenezewa nailoni lisiwekwe nyuzi za chuma. Seti ya nailoni huvuta kilo 40 hivi kwa jumla, ya chuma ya 12 huvuta zaidi ya 70. Daraja litang'oka au uso utavimba, na hakuna marekebisho yatakayolirudisha lilivyokuwa.

Namna ya kuzifunga nayo ina uzito wake. Kwenye gitaa lenye vigingi darajani, yaani vijiti vidogo vinavyozibana nyuzi kwenye matundu yake, tumbukiza mwisho wa uzi wenye kidude cha duara, weka kigingi, kisha uvute uzi kwenda juu huku ukikisukuma kigingi chini, hadi usikie kile kidude kimekaa chini ya ubao kwa ndani. Kikibaki kimening'inia kwenye ncha ya kigingi, kigingi kitaruka ukianza kukaza. Kule kichwani acha mizunguko miwili au mitatu, ikishuka kwenda chini bila kupandana. Halafu shika kila uzi katikati, uvute taratibu kutoka kwenye ubao, tyuni tena, rudia mara tatu nne. Malalamiko mengi ya "gitaa langu halishiki tyuni" yanaishia hapa. Funguo za kichwani, zile zinazokaza nyuzi, zinasingiziwa bure. Uzi ukikaza kwa kuruka na kutoa "tik" kwenye mfupa wa juu, umebanwa kwenye mfereji wake. Sugua ncha ya penseli laini ndani ya mfereji huo. Unga wake mweusi ni kilainishi kizuri sana.

Shingo

Shingo haitakiwi kuwa imenyooka kabisa. Uzi unapotetema huchora umbo la pande mbili zilizochongoka na tumbo katikati, na tumbo hilo linahitaji nafasi. Kwa hiyo shingo huachwa na mpindo mdogo sana kwenda mbele.

Ili kuupima huhitaji chombo. Uzi uliokazwa ni rula iliyonyooka kuliko zote nyumbani kwako. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja (kapo, kibano kinachobana nyuzi zote kwenye shingo, inasaidia) na kwenye freti ya 14 kwa mwingine, kisha utazame nafasi iliyo kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa iwe kati ya milimita 0.1 na 0.3. Karatasi mbili za kawaida za kuandikia zikipangwa pamoja zina unene wa kama milimita 0.2, kwa hiyo zikipita kwa kugusagusa bila kuusukuma uzi, shingo yako iko vizuri. Kama kadi ngumu inapita na nafasi inabaki, shingo imepinda mno. Kama uzi umelala kabisa juu ya freti zote, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwenda nyuma.

Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana chuma ndani ya shingo chenye kazi hiyo. Wazo hilo lina umri: Thaddeus McHugh, aliyekuwa akifanya kazi Gibson huko Marekani, alipata hataza ya chuma cha shingo kinachorekebishika mwaka 1923. Kichwa cha chuma hicho utakikuta chini ya kifuniko kidogo kwenye kichwa cha gitaa, au ndani ya tundu la sauti, mwisho wa shingo. Hugeuzwa kwa ufunguo wa pembe sita. Kukaza, yaani kugeuza kama mshale wa saa unavyokwenda, kunainyoosha shingo. Kulegeza kunairuhusu ipinde mbele. Robo mzunguko, kisha tyuni upya, kisha pima. Mbao inachukua muda kuitika, kwa hiyo pima tena kesho yake kabla ya kugeuza zaidi. Ukikuta chuma kigumu, hakigeuki, acha. Chuma kikikatika ndani, shingo nzima inafunguliwa.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kukaza chuma hicho ili kushusha nyuzi. Nyuzi zitashuka, ndiyo, lakini shingo itanyooka mno na freti za kwanza zitaanza kukwaruza. Chuma cha shingo ni cha mpindo wa shingo peke yake. Urefu wa nyuzi unarekebishwa mifupani. Magitaa mengi ya nailoni hayana chuma hicho kinachorekebishika kabisa. Shingo zao ni nene na mvutano ni mdogo.

Mfupa wa juu, ambao hakuna anayeushuku

Kama kodi ya F inakushinda lakini kodi hiyohiyo ukiipeleka freti ya 5 inatoka, usijiulize kuhusu nguvu za mkono. Weka kapo kwenye freti ya 1 na upige kodi zako za kawaida. Gitaa likigeuka jepesi ghafla, kana kwamba ni gitaa lingine, mfupa wako wa juu uko juu mno. Kapo imeuondoa kazini na kuifanya freti ya 1 ishike nafasi yake.

Sababu yake ni rahisi. Freti ya 1 iko karibu sana na mfupa huo, kama milimita 36 kwenye gitaa la urefu wa kawaida. Uzi ulioshikiliwa juu ukishushwa ndani ya nafasi fupi namna hiyo unapinda kwa ukali, unapinga kidole na sauti yake inapanda. Bahati mbaya kodi za kwanza anazofundishwa mtu zote zinakaa hapo, kwenye freti tatu za mwanzo, mahali ambapo gitaa lisilomaliziwa ni gumu kuliko popote. Naliona jambo hili kuwa la kusikitisha, kwa kuwa wengi wanaacha wakiwa hapo hapo, wakiamini hawana kipaji.

Kipimo chake: bonyeza uzi kwenye freti ya 3, kisha utazame nafasi juu ya freti ya 1. Inatakiwa ionekane kwa shida, kama unene wa unywele. Gusa uzi hapo kwa ncha ya kidole na usikie "tik" ndogo. Usipoisikia, uzi umegusa freti na mfereji ni wa kina mno. Ukiona mwanga wazi unapita, mfereji ni wa juu.

Kuichimba mifereji hiyo kunahitaji tupa zenye upana wa kila uzi, na mfereji unatakiwa uinamie kichwani ili uzi upumzike kwenye ukingo wa mbele kabisa. Kazi hii ningeipeleka kwa fundi. Ni ya muda mfupi kwake, na wewe ukizidisha kwa unene wa karatasi moja, uzi ukiwa wazi utakwaruza na mfupa utabadilishwa wote. Hadi siku ya kwenda kwa fundi, piga na kapo kwenye freti ya 1 au ya 2. Mkono wako utajifunza umbo la kodi bila kupigana.

Mfupa wa chini

Huu unaweza kuufanya mwenyewe, kwa subira. Freti ya 12 iko katikati ya urefu wote wa uzi, kwa hiyo ukitaka nyuzi zishuke nusu milimita pale, inabidi uondoe milimita 1 nzima kwenye mfupa wa chini. Watu husahau hesabu hii, wakasugua kidogo, wakaona hakuna kilichobadilika, wakakasirika na kusugua bila kupima.

Tuseme umepima 3 kwenye uzi wa sita na unataka 2.5. Legeza nyuzi zote, vuta mfupa utoke kwenye mfereji wake. Mara nyingi unatoka kwa koleo ndogo iliyofungwa kitambaa. Ukigoma, huenda umegundishwa, usiulazimishe. Chora mstari kwa penseli kali milimita 1 kutoka chini, pande zote mbili. Bandika msasa kwenye kioo au kitu kingine kilicho bapa kabisa, simamisha mfupa wima, na usugue upande wa chini tu. Juu usiguse, kwa sababu pana mviringo na mikato iliyowekwa kwa hesabu. Mkono una tabia ya kuegemea upande mmoja bila mwenyewe kujua, kwa hiyo geuza mfupa kila baada ya misuguo kumi hivi. Unga mweupe utakusanyika, na kama ni mfupa wa kweli utasikia harufu kama ya kucha iliyoungua. Simama ukiwa bado hujaufikia mstari, rudisha, kaza nyuzi, pima. Ni afadhali kuurudisha mara tatu kuliko kununua mwingine. Kama gitaa lako lina kinasa sauti chini ya mfupa huo, upande wa chini lazima ubaki bapa kabisa, la sivyo baadhi ya nyuzi hazitasikika kwenye spika.

Baada ya kazi, mfupa usipungue milimita 2 au 3 juu ya daraja, maana uzi unahitaji kushuka kwa pembe ya kutosha ili uusukume mfupa na kuutetemesha uso. Ukikuta mfupa tayari umelala na nyuzi bado ziko juu, pembe ya shingo yenyewe imeharibika. Laza rula ndefu juu ya freti kuelekea daraja: mwisho wake unatakiwa ukutane na sehemu ya juu ya daraja au upite juu yake kidogo. Ukigonga ubavu wa daraja chini zaidi, tiba yake ni kuing'oa shingo na kuipachika upya, na kwa gitaa la kuanzia gharama ya kazi hiyo inaweza kuizidi thamani ya gitaa. Hili ni vizuri kulijua kabla hujanunua gitaa lililotumika.

Kwa nini tyuni haiwi kamili hata ukifanya yote

Nyuzi zimeshuka, tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti ya uzi, inasema zote ziko sawa, uzi wa tano uko kwenye Hz 110 (mitetemo 110 kwa sekunde) kama inavyotakiwa, na bado kuna kodi inayokuudhi. Hapa gitaa halina kosa. Freti zimepangwa ili oktava, yaani umbali kutoka uzi wazi hadi freti ya 12, igawanywe katika hatua 12 zilizo sawa. Kutoka kila freti kwenda inayofuata, fundi hugawa urefu uliobaki kwa 17.817. Mgawanyo huu unakuwezesha kupiga wimbo ukianzia sauti yoyote, lakini una gharama: karibu sauti zote zimesogezwa kidogo kutoka pale sikio linapozipenda. Mojawapo ya zilizosogezwa zaidi ni ile sauti ya tatu inayoifanya kodi isikike kuwa ya furaha. Ukigawa nusu toni, yaani hatua ya freti moja, katika sehemu 100, sauti hiyo kwenye gitaa iko juu kwa sehemu 14 hivi.

Kwenye kodi ya E, sauti hiyo iko kwenye uzi wa tatu, freti ya 1. Ukiiteremsha kwa sikio hadi E iwe tamu, umeuteremsha uzi wote wa tatu. Sasa piga C, ambamo uzi huo unapigwa wazi na kutoa G: itasikika imezama. Ndicho kilichonitokea mimi siku zile. Tyuni kwa tyuna, nyuzi zikiwa wazi, na ukubali utamu uliogawanywa sawa kwa kodi zote. Siku zote ukaribie sauti kutoka chini kwenda juu; ukipita, shusha chini yake kisha panda tena, maana ukiishia kwa kulegeza, uzi hubaki na ulegevu utakaoteleza baada ya kupiga kidogo.

Kasoro ya kweli unaipima hivi: gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige ili utoe ile sauti nyembamba kama ya kengele, kisha ubonyeze hapohapo na upige. Sauti mbili hizo zinatakiwa kuwa moja. Ile ya kubonyeza ikiwa juu waziwazi hata baada ya kushusha nyuzi, na nyuzi ni mpya, mgusano wa uzi kwenye mfupa wa chini unatakiwa urudishwe nyuma kidogo. Ndiyo maana mfupa huo umekaa mshazari: nyuzi nene hupanda zaidi zikibonyezwa, hivyo hupewa urefu zaidi.

Mlio wa nyuki

Uzi unapovuma kama nyuki, sikiliza ni wapi. Ukivuma ukiwa wazi tu na ukibonyeza popote unatulia, mfereji wa mfupa wa juu ni wa kina mno. Ukivuma kwenye freti za 1 hadi 5, shingo imenyooka mno. Ukivuma kuanzia katikati kwenda juu, mfupa wa chini umeshuka kupita kiasi. Ukivuma mahali pamoja tu, freti inayofuata imeinuka kuliko wenzake; weka kitu kifupi kilichonyooka juu ya freti tatu na uone kama kinabembea. Na kama unavuma kila mahali kwa sauti moja, chunguza vitu vilivyolegea: skrubu za funguo za kichwani, ncha ya uzi inayogusa kichwa, au boriti, kipande cha mbao kinachoutegemeza uso kwa ndani, iliyoachia gundi ndani ya boksi. Boriti unaijua kwa kugongagonga uso taratibu kwa kifundo cha kidole. Palipoachia hutoa sauti iliyopasuka.

Kabla ya yote hayo, tazama kidole kiko wapi. Kikikaa katikati ya nafasi ya freti, uzi unakwaruza hata kwenye gitaa bora. Kikae nyuma kabisa ya freti, karibu kuigusa, na utashangaa nguvu inayohitajika ilivyo ndogo.

Sauti yenyewe

Kuna mpaka hapa. Uso wa magitaa mengi ya kuanzia ni plaiwudi, na plaiwudi haitetemi kwa uhuru kama ubao mmoja mzima. Chungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikiingia ndani ya ukingo bila kukatika, ni ubao mzima, ukiona tabaka kama za mkate uliopangwa, ni plaiwudi. Mfupa halisi badala ya plastiki huongeza uwazi kidogo, na nimeupenda kila nilipouweka, ila usitarajie muujiza.

Mambo makubwa zaidi yako mikononi mwako. Piki, kile kipande chembamba cha kuchapia nyuzi, ikiwa ya nusu milimita hutoa mlio wa kuchapa wenye sauti ya plastiki ndani yake. Jaribu ya 0.8 au 1 na utasikia nyuzi zenyewe. Piga juu ya tundu upate mlio wa mviringo, sogea darajani upate mkali. Na usiulaze mkono mzima juu ya uso wala usikumbatie mgongo wa gitaa kifuani, kwani unaizima ngoma inayotoa sauti.

Mwisho ni hewa. Mbao inapendelea unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Hewa ikikauka, ubao wa shingo unasinyaa na ncha za freti zinatokeza zikukwaruze kiganja. Ikiwa na unyevu mwingi, uso unavimba na nyuzi zinapanda bila mtu kugusa kitu. Lihifadhi ndani ya kasha lake, na kipindi cha ukavu weka humo sponji yenye unyevu ndani ya kikopo kilichotobolewa. Usiliache ndani ya gari juani hata kidogo, kwa sababu gundi ya daraja hulainika huku kilo 70 zikiivuta. Kila unapobadilisha nyuzi, chukua kipande cha karatasi ujaribu kukiingiza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kikiingia, legeza nyuzi siku hiyohiyo na ulipeleke kwa fundi, kabla daraja halijang'oka na vipande vya uso.

Vipimo vyako viandike kwa penseli kwenye kikaratasi: uzi wa sita na wa kwanza kwenye freti ya 12, nafasi ya freti ya 7, seti ya nyuzi na tarehe. Kikae ndani ya kasha. Msimu ukibadilika na gitaa likaanza kuwa gumu, toa rula upime tena, uone ni namba ipi iliyosogea.